Joto la Chumba ni la Chumba Gani?

Karibu kila resipe ya batakrimu huanza na agizo moja: toa siagi kwenye friji, iache ifikie joto la chumba. Agizo fupi, la upole, mpaka ulisome ukiwa Malindi mwezi wa Machi, saa nane mchana, feni ikizungusha joto lilelile. Hapo siagi ikifikia joto la chumba, si siagi tena. Hujamaliza kuchekecha sukari na tayari sahani ina mafuta ya manjano yanayotembea.

Chumba kinachosemwa kiko mbali. Ni chumba cha nyuzi 18 hadi 21 hivi za Selsiasi, chenye dirisha lililofungwa na mtu aliyevaa sweta. Siagi huyeyuka kabisa ikikaribia nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa kaskazi Malindi hucheza papo hapo, 31, 32, na jikoni kwenye oveni iliyowaka ni zaidi. Hata Julai, kusi ikivuma usiku, kipimajoto mara nyingi hakishuki chini ya 20. Yaani chumba cha resipe hakipo hapa mwaka mzima, ila ukinunue kwa stima.

Ndiyo maana siamini wanaosema keki laini ni mikono tu. Mikono pwani ipo tele. Mji wa Gede ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa karne nyingi kabla mtu yeyote huku hajashika kisu cha keki, na lipu hiyo ni kazi ya watu waliojua uso laini ni nini. Kilichokosekana kilikuwa baridi. Historia ya batakrimu kuanzia Mtwapa hadi Mambrui ni historia ya mafuta na baridi: mafuta gani yalikuwepo, na nani alikuwa na ubaridi wa kuyashikilia.

Tuanze na mafuta, maana huko ndiko pwani ilipotoa jibu lake mapema. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na aliona jambo la kuandikwa. Samli ni siagi iliyokwisha kukubaliana na jua. Unaichemsha, maji yanaondoka, maziwa yanakaa chini yanachujwa, na kinachobaki hakichachi haraka hata kikikaa kwenye mtungi wiki nyingi. Wafugaji kama Waorma wa Tana na Wasomali ndio waliokuwa na ng'ombe wa kutosha. Kwenye ukanda wenyewe wa pwani mbung'o walifanya ufugaji kuwa kazi ya roho ngumu, kwa hiyo samli ilishuka kutoka kaskazini, kwa majahazi na kwa miguu. Mijikenda wao walikuwa na mnazi, na mafuta ya nazi yana tabia yake: huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Aliyekulia Kilifi anaijua ile chupa ambayo alfajiri ya Julai imeganda nyeupe kama nta, na saa nne asubuhi ni maji matupu. Huwezi kupaka keki kwa kitu kinachobadili hali mara mbili kwa siku.

Sasa tazama vitamu vyenyewe. Halua: sukari, wanga, samli na iliki, vimesukwa motoni mpaka vikashikana. Kashata: sukari iliyopikwa ikaganda na nazi ndani. Kaimati ndani ya shira, visheti, mkate wa sinia. Hakuna hata kimoja kinachoogopa saa nane mchana. Vinaweza kukaa kwenye sinia sebuleni, wageni wakaingia na kutoka, vikawa vilevile. Nikitazama orodha hiyo siioni kama upungufu wa kitu kinachoitwa krimu. Naona watu waliojua wanaishi wapi.

Na keki yenyewe ilikuwepo, ila haikuitwa keki. Mkate wa mayai ni mayai na sukari vilivyopigwa mpaka vikapanda, unga ukaongezwa taratibu, iliki, basi. Mafuta hayamo. Sufuria inawekwa juu ya jiko, mfuniko unafunikwa makaa, moto juu na moto chini. Ukiuweka kando ya pão de ló ya Wareno utaona ni mayai, sukari na unga vilevile, na Wareno walikuwa na makazi Malindi kwa karibu miaka 100, tangu Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498 mpaka walipohamishia nguvu zao Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Kufanana si ushahidi, na mayai na sukari vinaweza kukutana popote. La maana kwetu ni kwamba mkate wa mayai hauna cha kupaka juu. Unaliwa ulivyo, na chai.

Kuhusu sukari nitapita haraka, ingawa si hadithi tamu. Katika karne ya 19 sukari ya pwani hii ilitoka sehemu nyingi, na mojawapo ni mashamba ya miwa ya bonde la Pangani, yaliyolimwa na watumwa. Malindi iliyofufuliwa miaka ya 1860 ilikuwa na mashamba ya mtama na simsim yaliyoendeshwa kwa jasho la aina hiyo hiyo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kusini mwa Mombasa, kilikuja miaka ya 1920 na kufungwa 1988. Baada ya hapo, kwa miaka mingi sukari ya pwani ilitoka magharibi mwa Kenya au ng'ambo.

Waingereza walikuja na keki ya aina nyingine kabisa. Keki yao ya harusi ilikuwa nzito, ya matunda makavu yaliyolowekwa kwenye pombe, ikavikwa lozi zilizosagwa, halafu juu yake aisingi ya kifalme: ute wa yai na sukari ya unga, inayokauka ikawa ngumu kama chokaa. Mtindo huo ulipata jina kubwa kutokana na harusi ya Malkia Victoria tarehe 10 Februari 1840. Cha kuchekesha ni kwamba keki hii ya nchi ya baridi inafaa pwani kuliko iliyoifuata. Haina siagi juu. Ikishakauka, inavumilia joto, ikasafirishwa, ikakaa wiki kadhaa. Tatizo lake ni meno tu. Kenya nzima ilioa kwa keki hiyo kwa miongo mingi, hata enzi za keki sita saba zilizosimamishwa kwenye nguzo za plastiki na kuunganishwa kwa vidaraja. Waulize wazazi wako wakuonyeshe albamu.

Batakrimu ni mtoto wa nyumba nyingine. Ni siagi iliyopigwa na sukari mpaka ikajaa hewa na kuwa nyeupe, na ilizaliwa katika majiko ya Ulaya ambako siagi ngumu ilikuwa kitu cha kawaida. Ikaenea kwa nguvu zaidi Marekani katika karne ya 20, na huko ikapata msaidizi. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyatia haidrojeni, na kufikia 1911 mafuta meupe ya kopo ya Crisco yalikuwa madukani Marekani. Mafuta ya namna hii huyeyuka juu ya nyuzi 40. Kabla yake, mwaka 1869, Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alikuwa ametengeneza majarini akitafuta siagi rahisi kwa jeshi na maskini. Hawa wawili hawakuwa wakiwaza harusi ya Malindi hata kidogo, lakini bila wao hakuna keki laini ingesimama kwenye ukumbi wa Malindi usio na eesi.

Sasa baridi. Siagi ya kupaka ilikuja Kenya na walowezi. Mwaka 1925 wakaunda Kenya Co-operative Creameries, KCC, ili maziwa na siagi ya nyanda za juu ipate soko. Siagi hiyo ilishuka kwa reli hadi Mombasa. Kutoka hapo kwenda Malindi hakukuwa na reli. Kulikuwa na barabara na vivuko, na kivuko cha Kilifi kiliendelea kubeba magari mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Hebu fikiria keki iliyoagizwa Mombasa kwa harusi ya Malindi, ndani ya gari kwenye foleni ya feri, dirisha limefunguliwa kidogo. Aisingi ya kifalme ingefika. Batakrimu ingefika imelala ubavu.

Baridi yenyewe ilikuwa ya wachache. Friji inayotumia moto badala ya injini ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, na friji za mafuta ya taa zikaingia nyumba za maofisa, misheni na hoteli za makoloni. Malindi ilianza kupata hoteli za ufukweni miaka ya 1930. Majiko yao yalikuwa na barafu, na yalikuwa na wapishi wanaume, kwa sababu kazi ya upishi wa mshahara Kenya ya kikoloni ilikuwa ya wanaume. Kwa hiyo watu wa kwanza wa hapa kuijua siagi baridi kwa mkono walikuwa wanaume waliovaa aproni nyeupe, wakiwapikia wageni. Nyumbani kwao wake zao walikuwa na jiko la makaa na mkate wa mayai.

Waitaliano waliongeza kipande chao. Mradi wa San Marco ulisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, na Aprili 1967 setilaiti ilirushwa kutoka hapo. Wahandisi wakaleta familia, familia zikaleta marafiki, baadaye ndege zikaleta watalii, na Malindi ikawa mji ambao muuza samaki anaongea Kiitaliano na aiskrimu ni jambo la kila siku. Pamoja nao ilikuja batakrimu yao, na hii nataka tuikalie kidogo.

Batakrimu ya Kiitaliano haianzi na siagi. Unachemsha sukari na maji mpaka nyuzi 118 hivi, unaimimina kidogo kidogo kwenye ute wa mayai unaopigwa, unaendelea kupiga mpaka bakuli lipoe, ndipo siagi inaingia kipande kwa kipande. Povu lile la sukari iliyopikwa linaishikilia siagi vizuri zaidi kuliko sukari mbichi ya unga. Watu huiogopa kwa sababu ya kipimajoto. Lakini ni nani duniani anayepaswa kuiogopa kidogo zaidi kuliko mwanamke wa pwani? Shira ya kaimati hupimwa kati ya kidole gumba na cha shahada, inavutwa, uzi ukikatika bado, uzi ukivutika tayari. Shira ya batakrimu inataka moto zaidi: tone likidondoka kwenye maji baridi liwe kidonge laini. Ni hatua mbili tatu mbele ya kitu ambacho bibi zetu walipima bila saa wala miwani. Ajabu ni kwamba maarifa hayo mawili yalikaa mji mmoja kwa miongo, moja hotelini na moja uani, bila kuonana. Na tusidanganyane pia: siagi ni siagi. Hata ya Kiitaliano, ukiisimamisha juani Machi, italegea. Inakupa muda tu.

Nyumbani, keki iliingia kwa mlango wa shule na vikundi. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa 1952 chini ya serikali ya kikoloni, ilifundisha kushona, usafi na mapishi. Mfumo wa 8-4-4 ulipokuja 1985 ukaleta sayansi kimu, na watoto wa Kilifi wakakariri njia za kutengeneza keki kwa mtihani, ikiwemo ile ya kupiga mafuta na sukari mpaka viwe vyepesi. Mafuta hayo yalikuwa Blue Band. Kwa Mkenya wa kawaida Blue Band ndiyo siagi, na Kimbo ndiyo mafuta meupe, yote wakati huo yakitoka kiwanda cha East Africa Industries cha Nairobi. Siagi ya ng'ombe ilikuwa kitu cha hotelini.

Kwa hiyo batakrimu iliposhika mji, miaka ya 2010, na picha za keki zenye kuta zilizonyooka kama ukuta wa benki zikijaa kwenye simu, mwokaji wa Kilifi tayari alikuwa na jibu ambalo vitabu vya Ulaya hulidharau. Nusu siagi, nusu mafuta meupe. Wengine mafuta meupe matupu, na majarini kidogo kwa ladha. Msomi wa keki wa Paris atakunja uso, kwa sababu mafuta meupe huacha utando kwenye kaakaa. Ni kweli, huacha. Lakini huyo msomi hajawahi kuombwa keki ya ngazi tatu isimame saa nne kwenye hema Watamu. Kwa maoni yangu mchanganyiko huo ni uamuzi wa kihandisi, na anayeuona kama umaskini hajui hesabu za nyuzi joto. Kinachouma ni kitu kingine: mafuta hayo mengi hutokana na mawese ya Malaysia na Indonesia, huku nazi za Kilifi zikianguka chini, kwa sababu ya zile nyuzi 24.

Ulaini wenyewe una hatua, na kila hatua inadai baridi yake. Kwanza mafuta yapigwe peke yake mpaka yabadilike rangi, sukari ya aisingi iliyochekechwa iingie kwa mafungu, kwa kawaida uzito wake ukiwa mara mbili ya mafuta. Dakika za mwisho mashine ipunguzwe mwendo, au uache kabisa mashine na usugue kwa mwiko kwenye ukuta wa bakuli, ili viputo vya hewa vipasuke. Viputo ndivyo vinavyoacha vishimo unavyoviona kwenye keki ya haraka. Kisha kupaka mkono wa kwanza, mwembamba, wa kufunga makombo, na keki iingie kwenye friji nusu saa. Mkono wa pili mnene, kibao kinazunguka, kipande bapa cha chuma kinasimama wima bila kusukuma. Friji tena. Halafu kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kikavu, kinapitishwa mara moja.

Kule kwenye hewa kavu wana ujanja mwingine: wanaacha batakrimu ishike ngozi juu, halafu wanailaza karatasi laini na kuisugua. Huku karibu na bahari ngozi hiyo hushika kwa shida, maana sukari inavuta unyevu wa hewa. Na keki ikitoka kwenye friji ikakutana na hewa ya Malindi, inatoka jasho. Umande unaikaa juu, rangi nyekundu inaanza kuingia kwenye nyeupe, na ukiugusa tu umeacha alama ya kidole. Dawa ni subira: isiguswe, feni isielekezwe kwake kwa nguvu, umande uondoke wenyewe.

Saa za kazi nazo zimebadilika kwa ajili ya hili. Waokaji wengi wa nyumbani hupaka usiku, baada ya saa nne, oveni ikiwa imepoa na watoto wamelala. Keki inasafiri kabla jua halijakomaa, gari likiwa na eesi kama mteja ana pesa, au kwenye tuktuk na mtu amepakata boksi. Harusi za mjini zenye kupamba usiku zina huruma. Harusi za kanisani, zenye hotuba za wajomba kuanzia saa saba mchana, hazina.

Corona iliongeza watu kwenye kazi hii. Mwaka 2020 watalii walikatika, hoteli zikafunga, na mshahara wa pwani ukayeyuka kabla ya siagi. Walio na oveni walianza kuchukua oda. Keki ya kilo moja, kilo mbili, siku ya kuzaliwa, mahafali, Idd. Mkate wa mayai hauuziki kwa bei hiyo, hata uwe mtamu vipi. Picha ndiyo inayouza, na picha inataka ukuta ulionyooka.

Hapo ndipo stima inakuwa mshirika asiyeaminika. Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, usiku, umeme ulikatika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi siku iliyofuata. Agosti ni mwezi wa harusi, na usiku wa Ijumaa ndio usiku wa kupaka keki ya Jumamosi. Bahati ni kwamba ilikuwa kusi. Ingekuwa Februari, friji iliyofungwa isingefika alfajiri. Wenye jenereta walikuwa hotelini, kama miaka ya 1930.

Katikatika ndogo za kila wiki haziandikwi popote. Mwokaji anajua kufunga friji isifunguliwe, anajua muuza samaki gani ana barafu, anajua kuweka keki ndani ya boksi la plastiki lenye vipande vya barafu pembeni na karatasi ya kuzuia maji. Mteja akiuliza mbona keki ya hapa imekaribia bei ya Nairobi na huku hakuna kodi ya Nairobi, anatajiwa mayai, unga, sukari, siagi. Tokeni za stima na barafu ya samaki hazimo kwenye hesabu, na mara nyingi mwokaji mwenyewe hajazitia.